Uzi wa Kabambare

Kasongo, Jumapili 13 Aprili 2025

Kwa Mwalimu Gédéon,

Nakusalimu sana. Papa na Mama pia wanakusalimu. Tangu uliposafiri mwezi wa pili kwenda kufundisha Kabambare, saa ya fizikia kwetu iko wazi, na mkuu wa shule anatupa kazi ya kunakili. Sisemi hivyo ili kulalamika. Nimekaa siku kumi na karatasi hii kwa sababu sikujua kama mwanafunzi anaweza kumwandikia mwalimu wake bila kuulizwa.

Nafanya kama ulivyoagiza. Kila jioni isiyo na mawingu nasimama nyuma ya karakana ya Papa, giza likishaingia, mpaka Mama aniite kula. Vyombo vidogo vya angani vinapita vingi, lakini mimi nangoja kile kikubwa, kituo cha angani ambamo watu wanaishi. Kinakuja bila kupepesa, kinaelekea mashariki, halafu kinazimika katikati ya anga kana kwamba mtu amekipuliza. Zamani niliona kama kimepotea. Sasa najua kimeingia kwenye kivuli cha dunia, na kwamba wewe Kabambare unakiona kikizimika wakati uleule, ila karibu na nyota nyingine, kwa kuwa unakitazama kutoka mahali pengine. Hatuhitaji hata saa. Nashika nyota iliyo karibu na pale kilipozimika, kisha naipima taratibu: upande kwa busole, yaani dira, urefu kwa ngumi na vidole vya mkono ulionyooshwa.

Papa amenipa ubao uliobaki kwenye kabati la masista. Nimebandika ramani juu yake, sentimeta moja ni kilomita kumi, na nimepigilia misumari miwili, mmoja Kasongo, mmoja Kabambare. Papa ametengeneza fremu ya vijiti juu ya ubao ili nifunge nyuzi. Uzi wangu utapanda kutoka Kasongo kufuata vipimo vyangu, wako kutoka Kabambare kufuata vyako. Pale zitakapogusana ndipo chombo kilipokuwa, na nikipima kutoka hapo mpaka kwenye ubao nitajua kiko juu kilomita ngapi.

Sayari ya Mshtarii bado ipo magharibi. Kwa jumeli uliyoniachia, darubini ya macho mawili ambayo jicho moja tu linafanya kazi, niliona vinyota vitatu pembeni yake, yaani miezi yake, na jioni iliyofuata vinne.

Kuna jambo moja zaidi. Mwisho wa mwezi wa sita, sisi wa mwaka wa nane tutaandika sehemu tunazochagua, yaani mkondo wa masomo wa miaka ijayo. Mimi nataka hesabu na fizikia. Papa anaona pedagojia, masomo ya ualimu, ni salama zaidi. Hakunikatalia, alisema hivi: "Mimi iko fundi. Onyesha kazi. Nyuzi zako zikikutana, enda. Zisipokutana, tusipoteze miaka." Kwa hiyo unaona kwa nini nasubiri vipimo vyako.

Barua hii nampa Djamali, motari anayebeba watu kwa pikipiki njia ya Kabambare. Ataiacha kwenye duka la Kasimu kama ulivyosema.

Mwanafunzi wako,
Plamedi Tambwe


Kabambare, 24 Aprili 2025

Binti Plamedi,

Barua yako imefika imelowa upande mmoja lakini maneno yote yamepona. Mwanafunzi anaweza kumwandikia mwalimu bila kuulizwa. Waliokuwa wananitesa miaka yote ni wale ambao hawakuandika hata walipoulizwa.

Msalimie Papa yako. Mwambie kanuni yake ni kali lakini ni ya haki, na kwamba maprofesa wengi wangeanguka kama wangepimwa na seremala.

Hapa mambo yanaenda. Watu ni wengi, kazi inaanza mapema, na jioni mikono inauma. Wanafunzi wangu wa hapa wanapenda hesabu kiasi kilekile cha watu wote duniani, yaani siku ya kugawana tu. Lakini anga ni nzuri. Mvua ikishapita inakuwa imeoshwa.

Nimeona kile kikubwa kikizimika mara mbili ambazo nadhani na wewe uliziona. Tarehe 15, ngumi nne na vidole viwili juu ya mashariki, kikiegemea kusini kidogo. Tarehe 18, ngumi tano kasoro kidole, karibu mashariki yenyewe. Nimechora nyota kwenye karatasi ya pili, na digrii za busole nimeziandika pembeni.

Funga nyuzi zako bila haraka. Nitafurahi kusikia.

Mwalimu wako,
Gédéon


Kasongo, Jumapili 11 Mei 2025

Kwa Mwalimu Gédéon,

Asante kwa barua na kwa michoro. Djamali aliileta hadi karakanani na kumwambia Papa kwamba nina mchumba anayeandika vizuri. Papa alimjibu kwamba mchumba anayetuma digrii na vidole huyo ni salama, anaweza kuendelea. Nilijificha nyuma ya mbao mpaka pikipiki ikaondoka.

Nimefunga nyuzi za jioni zote mbili. Hazikutani, Mwalimu.

Uzi wako unapita kusini ya wangu. Kati yake kuna nafasi ya vidole vinne. Najua ngumi si kipimo cha kujivunia, na ulitufundisha kwamba tofauti ya kidole kimoja tusameheane. Ila vidole vinne ni kama kilomita sabini. Chombo kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili.

Nimefungua, nimefunga tena. Nimehakikisha ubao haujapinda. Nimeangalia busole mbali na misumari ya Papa, kwa kuwa chuma kinaidanganya. Sijui nimekosea wapi. Naomba uniambie, na kama una jioni nyingine unitumie, kwa kuwa mbili ni chache.

Papa alipita akaangalia. Alizungusha kichwa kushoto na kulia kama anavyofanya mbele ya mlango uliokataa kufungika, akarudi kwenye kazi yake.

Mwanafunzi wako,
Plamedi


Kabambare, 23 Mei 2025

Plamedi,

Nimesoma barua yako mara mbili. Vipimo vyangu nimevirudia na viko sawa. Kosa litakuwa huko kwako.

Usihuzunike. Nadhani ninajua lilivyotokea. Chombo kinazimika, wewe unashusha macho kuchukua busole, unapoinua tena unashika nyota jirani badala ya ile yenyewe. Macho ya umri wako yana haraka. Hata mimi nilikosea hivyo nikiwa chuoni. Jifunze tena nyota za mashariki, moja baada ya nyingine, kabla ya kuendelea.

Nakutumia jioni nyingine tatu: tarehe 9, tarehe 12 na tarehe 20 ya mwezi huu. Zote ziko kwenye karatasi ya pili.

Hapa niko salama. Nina shughuli nyingi, kwa hiyo barua hii ni fupi.

Gédéon


Kasongo, Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Kwa Mwalimu Gédéon,

Nimefanya ulivyosema. Kwa wiki mbili sikupima chombo chochote. Nilisimama tu nikiangalia upande wa mashariki, nikizichora nyota mpaka nikaweza kuzichora ndani ya nyumba bila kutoka. Jioni tatu ulizotuma nilikuwa nimeziandika na mimi kwenye kaye, daftari langu la vipimo, kwa hiyo nilizifunga juu ya ubao pamoja na zile za kwanza. Sasa nina jioni tano na nyuzi kumi.

Hazikutani hata moja.

Kwa hiyo kosa ni langu na haliponi. Nimeandika juu ya ukurasa "makosa ya Plamedi" ili nisije nikausahau. Jambo linaloniumiza si nyuzi. Juzi nilifungua kurasa za mwezi wa nne ambako nilichora vinyota vya Mshtarii, na nikashindwa kujua kama niliviona au nilivitaka. Mtu asiyeweza kushika nyota moja kwa macho yake ataenda kufanya nini kwenye fizikia?

Orodha ya sehemu inafungwa Ijumaa tarehe 27 mwezi huu. Nimemwambia Mama kwamba nitaandika pedagojia. Alinikumbatia, lakini hakuonekana kufurahi kama nilivyodhani. Papa sijamwambia. Nitamwambia siku zikikaribia, kwa kuwa ubao ni wake na nitaurudisha.

Nakushukuru kwa subira yako. Usijisumbue kutuma jioni nyingine.

Plamedi Tambwe


Kasongo, Jumapili 22 Juni 2025

Kwa Mwalimu Gédéon,

Kabla ya barua hii nimechana tatu. Naomba unisamehe mapema kwa chochote kitakachosikika kama kukosa adabu.

Jana nilimrudishia Papa ubao. Nilimwambia nyuzi zimekataa mara tano na kwamba nitaandika pedagojia. Alikuwa anapiga randa. Alisimama akaniuliza zilikataa namna gani. Nilimwonyesha: jioni ya kwanza uzi wako umepita kusini ya wangu kwa vidole vinne, ya pili kusini kwa vidole vinne, ya tatu kusini kwa vitatu na nusu, ya nne na ya tano vinne tena.

Papa aliweka randa chini. "Mara tano, upande moja?"

Nikamwambia ndiyo, kosa langu ni kubwa.

"Hapana, mutoto. Mutu mwenye kukosa anakosa huku na huku. Leo kushoto, kesho kuume. Milango yangu tano ikipinda upande moja, siwezi kulaumu mukono. Naangalia ekeri." Akachukua ekeri yake ya kupimia pembe ukutani na kunionyesha kona iliyolika, kana kwamba sijaiona maisha yangu yote. Kisha akauliza kwenye ubao wangu ekeri ni kitu gani, ni kitu gani ambacho sijawahi kukipima mwenyewe, nimekipokea tu.

Nadhani nilijua na sikutaka kusema. Papa alichukua koleo la kung'olea akang'oa msumari wa Kabambare. Alinipa ncha ya uzi mkononi, akasema niutembeze bila kubadilisha mwinamo wake mpaka uguse wangu.

Niliutembeza kuelekea kaskazini. Ulifika ukagusa. Nikaweka alama ya penseli. Nikachukua uzi wa jioni ya pili, ukagusa nikiwa nimeshika karibu palepale. Wa tatu, wa nne, wa tano. Alama zote tano zinafunikwa na kifuniko cha kalamu ya biki. Papa aliinama akasoma jina lililo chini yake kwa sauti, kwa sababu mimi sikuweza. Ni Salamabila, penye mashimo ya dhahabu.

Halafu alisema hili si jambo la kupeleka sokoni, na kwamba mtu mzima ana sababu zake. Akarudi kwenye randa.

Mwalimu, mimi sikuulizi kwa nini. Si kazi yangu kujua mtu mkubwa anaishi wapi. Naomba unijibu swali moja tu: ramani yangu ina kosa? Kama ina kosa niambie, nitakuamini. Lakini Ijumaa haitangoja jibu lako. Nimepima uwezavyo mkono wangu, na Ijumaa nitaandika hesabu na fizikia.

Nimefuta maneno yale juu ya ukurasa. Karatasi imetoboka kidogo.

Mwanafunzi wako,
Plamedi


Salamabila, 22 Juni 2025

Plamedi,

Angalia mahali nilipoandika juu ya barua hii. Ng'oa msumari wa Kabambare uupeleke hapo. Nyuzi zako zitakutana. Zote tano. Hukukosea hata jioni moja.

Barua yako ya Pentekoste nimeipata jana tu, imetoka kwa Kasimu kwenye mfuko wa mfanyabiashara wa dhahabu, kama zote zilivyokuwa zinanifikia. Nimeisoma nikiwa kwenye mstari wa kuoshea mchanga, miguu ndani ya maji, na nyuma yangu mtu akaniuliza kama nimefiwa.

Kabambare nilikaa siku tisa. Shule niliyotumwa nilikuta ina mwalimu mwingine wa fizikia, na jina langu halikuwa kwenye orodha yoyote. Niliambiwa nisubiri. Nilisema nitakuja Salamabila wiki mbili tu nikisubiri. Wiki mbili hizo sasa zimefika miezi minne.

Unamkumbuka Dady, aliyekaa benchi ya nyuma na kuacha shule akaja kuchimba? Mbele yenu wote nilisema kwamba mashimo ni ya watu walioshindwa kugawanya kwa tarakimu mbili. Dady sasa ndiye PDG wa shimo letu, yaani shimo ni lake na sisi wengine tunamchimbia. Alinipokea vizuri. Haniiti Gédéon, ananiita Prof, na nikishindwa kuinua mfuko anauliza kwa upole: "Prof, hii tunagawanya kwa ngapi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka. Ana haki. Jioni ananiacha nitoke mapema kidogo nikaangalie anga, na hajawahi kuuliza kwa nini.

Mama yangu huko Nyangwe anajua ninafundisha. Nilitaka na ninyi mjue hivyo. Nilijiambia kwamba ngumi ni kipimo butu, hakitaona tofauti ya Kabambare na Salamabila. Sikufikiri kwamba ungepima kwa uangalifu wa namna hii. Ulipoandika kwamba uzi wangu unapita kusini vidole vinne, nilijua palepale kosa liko wapi na linaitwaje. Ningeweza kukaa kimya. Badala yake nilichukua biki nikaliweka ndani ya macho yako. Hilo sina sababu yake, na Salamabila haihusiki.

Ulijiuliza kama uliviona vinyota vya Mshtarii au ulivitaka. Uliviona. Usiandike pedagojia kwa ajili ya uongo wangu. Kama unaitaka kwa moyo wako, hiyo ni nyingine.

Leo nimeomba ruhusa kwa Dady. Barua hii siipitishi kwa mfanyabiashara. Ninapanda pikipiki mwenyewe mpaka Kabambare kumpa Djamali mkononi, ili ijaribu kukufikia kabla ya Ijumaa.

Nina ombi moja, nalo unaweza kulikataa. Utakapoonyesha kazi yako shuleni, usiweke jina langu. Andika "mtu wa pili". Itatosha.

Gédéon


Kasongo, Jumapili 6 Julai 2025

Kwa Mwalimu Gédéon,

Nadhani barua zetu zilipishana njiani. Yako ilifika Jumatano tarehe 2. Djamali aliinua mikono kabla sijasema neno, akasema daraja lilikuwa limevunjika na alilala njiani karibu wiki nzima, na kwamba yule mtu wa Kabambare alimkimbilia barabarani akiwa na matope mpaka magotini. Ijumaa ilikuwa imeshapita. Nilikuwa nimeshaandika hesabu na fizikia, na Papa alitia sahihi. Alitumia biki yangu, akaibonyeza sana.

Nimesoma barua yako peke yangu, halafu nikampa Papa kwa sababu ndiye aliyeng'oa msumari. Aliisoma polepole. Alisema kazi ya kuchimba si aibu, baba yake mwenyewe aliwahi kuchimba. Kuhusu yale mengine alisema ni kati yako na mimi.

Kati yako na mimi, Mwalimu, niliumia. Wiki nne niliona aibu ya macho yangu. Sijui kama imekwisha yote. Wakati mwingine jioni bado naangalia nyota moja mara tatu kabla ya kuamini. Nakuambia kwa sababu sitaki na mimi niandike kwamba niko salama wakati siko.

Alhamisi mkuu wa shule alikuja karakanani kuona ubao. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu. Nilipima kutoka pale nyuzi zinapogusana mpaka chini: jioni tano, kati ya kilomita mia nne na mia nne na thelathini. Alifungua simu yake akatafuta, akaniambia chombo kile kiko kama kilomita mia nne na kumi na tano. Papa alijifanya anatafuta msumari chini ya meza.

Kisha mkuu akauliza nani ameshika uzi wa pili.

Nilikumbuka ombi lako. Ningeweza kusema "mtu wa pili". Lakini uzi mmoja haupimi kitu, Mwalimu. Ukienda peke yake unapita angani mpaka mwisho bila kusema chombo kiko wapi. Jioni tano, baada ya kubeba mifuko, ulisimama ukainua mkono ukahesabu vidole, na kila kidole ulichoandika kilikuwa cha kweli. Kama hukuwa na jina, basi na mimi nilikuwa peke yangu.

Kwa hiyo nilikataa ombi lako, na naomba unisamehe. Nilimpa ukurasa wa vipimo, nilioandika majina ya waliopima, asome mwenyewe. Mkuu aliusoma, akatikisa kichwa, akauliza kwa mshangao kama si Kabambare ulikotumwa. Nikamwambia ndiko ulikotumwa. Hakuendelea kuuliza. Alinakili ukurasa kwenye kaye yake kama ulivyo:

Plamedi Tambwe, Kasongo.
Mwalimu Gédéon, Salamabila.

Kabambare sikuiandika. Hakuna aliyekuwa akiangalia kutoka huko.

Mwanafunzi wako,
Plamedi